Mama na kiti cha magurudumu

Jumapili, Novemba 2006
Tottenham

Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Nyumba kimya. Mume wangu Seif kawapeleka watoto kwa dada yake ili nipumzike, nami nimekaa tu na kompyuta mapajani. Nataka kuyaandika ya jana kabla sijaanza kuyapamba.

Wanaonisoma hapa kwenye blogu wanaijua kazi yangu. Nakata tiketi katika kiofisi kidogo karibu na soko, na kwa Waswahili wa London mimi ndiye Rukia wa ndege. Watu hunipigia hata nikiwa jikoni. Mwenye mtoto mchanga namwambia aombe mapema kile kitanda kinachotundikwa ukutani, kwenye viti vya mbele. Mwenye kisukari namwambia chakula chake kipo, ila lazima kiagizwe kabla ya siku ya safari. Anayefunga namwambia awaeleze wahudumu, watamwekea sahani yake mpaka magharibi iingie. Mashirika hayatangazi mambo haya. Ukiyaomba unapewa, usipoyaomba unakaa na njaa yako.

Ila kilichonipa jina hasa ni kiti cha magurudumu.

Wazee wetu wengi hawajui Kiingereza. Ukimwacha mama wa Unguja peke yake pale Heathrow, na vile vibao na zile korido, atafika mlango wa ndege ya Kanada. Huduma ya "mama hajui lugha" ni ya kubahatisha, leo ipo, kesho haipo. Huduma ya "mama hawezi kutembea mwendo mrefu" ipo kila siku, bure. Basi sote tumekuwa tukiwaombea wazee wetu viti. Mtu anamsukuma mama mpaka mlangoni, anampitisha foleni zote, na kwenye kubadilisha ndege anapokewa na mwingine. Akifika nyumbani anainuka na kutembea, watu wanacheka. Sioni haya kuyasema. Sikumnyang'anya mgonjwa kiti chake, maana watu wa uwanja wenyewe walikuwa wakiniambia kuwa viti vipo vya kutosha.

Jana ilikuwa zamu ya Mama yangu.

Amekaa nasi miaka mitatu tangu Baba alipofariki. Mwezi wa Ramadhani, tukiwa tunafuturu, alisema anataka kurudi Zanzibar akakae na kaka yangu Hamadi. Nilimuuliza kama kuna mtu kamuudhi. Akasema hapana, hamu tu ya kwao. Nikabisha siku mbili tatu, nikanuna, mwisho nikamkatia tiketi. Kiti nilikiomba kwa mazoea, kama ninavyowaombea wote: anaweza ngazi, anaweza kufika kitini mwake, mwendo mrefu tu ndio unaomshinda. Hivyo ndivyo tunavyojaza siku zote, na kwa wengi ngazi haina shida yoyote.

Tulifika mapema. Seif alikwenda kuegesha gari. Mzigo ukapimwa, ukawekewa kibandiko, ukaondoka na mkanda. Kiti kililetwa na mzee mmoja wa Kihindi mwenye kilemba, mpole, akasimama pembeni akisubiri. Msichana wa kaunta akaniuliza, kama wanavyouliza wote, kama abiria anaweza kupanda na kushuka ngazi. Nikamjibu ndiyo bila hata kumtazama Mama.

Mama akanigusa mkono. Kiingereza hajui, ila yule msichana alipouliza alikuwa akionyesha kwa vidole, juu, chini.

"Mwambie ngazi siziwezi."

Nikacheka. Nilidhani kanogewa na mchezo wetu. Nikamwambia, "Mama, kiti tushapewa, hapana haja ya kuongeza chumvi."

"Sikufanyii mzaha, Rukia. Mwambie. Nikifika kule kuna ngazi ya ndege, na mimi siziwezi."

Nikamtazama. Mama yangu ana uso ambao ukitania unatania wote, na jana ulikuwa umetulia. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu baridi ya mwaka jana.

Nyumba yetu ni ya kanseli, ile halmashauri ya mtaa, jiko na sebule chini, vyumba na choo juu. Nikamuuliza alikuwa akipandaje. Akanieleza palepale, mbele ya kaunta, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba akiamka alikuwa akishuka kwa kukaa, kidato baada ya kidato, sote tukishatoka. Na kupanda vilevile, kwa makalio, mgongo ukitangulia, kabla hatujarudi. Mchana alikaa chini.

Ndiyo maana chai ya mchana aliiacha, maana choo kiko juu. Mimi nilidhani anapunguza sukari, nikampongeza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia, ungeniachia nikaondoka?" Nikaelewa pia kwa nini kasubiri mpaka sanduku lake limeondoka na mkanda. Mama hakusoma sana, lakini hesabu za watu anazijua.

Nikamweleza yule msichana kuwa nimekosea, abiria hawezi ngazi. Akabadilisha kwenye kompyuta, kisha akamwita msimamizi wake, kwa sababu taarifa iliyobadilika dakika ya mwisho huwatia wasiwasi. Akaja mwanamke wa makamo, mstaarabu. Akamtazama Mama vizuri, akamuuliza kama anaweza kwenda chooni akishikiliwa. Nikatafsiri. Mama akasema anaweza, mahali pakiwa sawa anakwenda.

Kisha yule mwanamke akanigeukia mimi. Akasema kwa upole kwamba mimi ndiye binti, mimi ndiye ninayemjua. Kama nina shaka yoyote na afya yake niseme sasa hivi, watarudisha sanduku, na tiketi itasogezwa bila faini mpaka aonane na daktari.

Hiyo nayo ni huduma wasiyoijua wengi. Wateja wangu nimewapigania kwa simu wapewe hiyo hiyo, wengine mpaka nimepandisha sauti. Jana niliwekewa mkononi bila kuiomba.

Na Mama hakuelewa hata neno moja.

Naandika ukweli hapa. Nilikuwa nimeshaitunga sentensi. Mama, wamekataa, wanasema mpaka cheti cha daktari. Basi. Angesikitika, angewalaumu Wazungu, tungerudi naye Tottenham. Ningemhamishia kitanda sebuleni, ningemlazimisha hospitali, ningekuwa naye. Asingejua maisha yake yote kwamba aliyekataa ni mimi. Lugha zote mbili zilikuwa zangu, na yeye alikuwa na moja tu.

"Kasema nini?" Mama akauliza.

Nikamuuliza badala ya kumjibu. "Mama, kuna jingine hukuniambia?"

"Magoti. Na umri. Umri nao una dawa yake huku?" Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaondoka. "Mwanangu, nimechoka kukaa chini ya ngazi nangoja mchana upite. Kwa Hamadi hakuna ngazi. Mlango uko wazi, watu wanapita, wananisalimu. Nataka hilo tu."

Sikujua kama magoti ndiyo yote. Sijui mpaka sasa. Mama amepungua, naliona leo nikifunga macho, na jana niliona uso wake chini ya zile taa ukiwa na rangi nisiyoipenda. Yule mwanamke alikuwa akingoja. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kuguna.

Nikamwambia anaweza kusafiri.

Alichoagiza yule msimamizi hapo ni kwamba pale Nairobi, kwenye kubadilisha ndege, na pale Unguja pawe na watu wa kumbeba kwenye ngazi. Nikaomba nami nimsindikize mpaka mlango wa ndege. Zamani waliruhusu mara mojamoja, nami nimewahi kuwaombea watu wakapata. Safari hii jibu lilikuwa hapana, siku hizi asiye na tiketi havuki ukaguzi. Nikajitambulisha kuwa niko kwenye biashara hiyo hiyo ya ndege. Hapana vilevile. Ujuzi wangu wote uliishia kwenye mkanda mwekundu unaozuia watu pale penye ukaguzi.

Yule mzee wa kilemba akaniuliza amwite nani. Nikamwambia sote tunamwita Mama. Akainama, akaichukua shali ya Mama akamfunika miguu, akamwita "Mamaji", kwa ile "ji" yao ya heshima, na Mama akamwitikia kama jirani yake wa siku nyingi. Nikambusu Mama mkono. Hakulia, nami nikajikaza. Wakaenda. Seif alipofika kutoka kuegesha gari alinikuta nimesimama palepale.

Usingizi wangu wa jana haukuwa usingizi.

Leo mchana simu ikalia, Hamadi. Mama keshafika. Kasema vijana wanne walimshusha kwenye ngazi ya ndege na kiti chake, naye huko juu anawapa salamu watu waliokuja kupokea wageni wao wengine kabisa. Hamadi alikuwa akicheka, halafu akaacha kucheka akaniuliza, "Dada, mbona kawa mwepesi hivi?" Nikamwambia anipe Mama kwanza. Akampa simu Mama.

Nikamuuliza safari. Akasema chakula kilikuwa kizuri, chumvi hapana. Kisha akasema, "Yule mwanamke wa jana alikuuliza nini?"

"Aliuliza kama unaweza kusafiri."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia unaweza."

Nilisikia jogoo na redio ya mtu.

"Nilikuona umesita," akasema. "Nikajua hapa nimo mikononi mwako, ukitaka utanirudisha. Ukaniachia. Rukia mwanangu, nimekupa radhi zangu. Duniani na akhera."

Nikaitikia amina. Tukaagana. Nikabaki nimeishika simu.

Ningepaswa kufurahi. Mtoto gani hataki radhi za mama yake? Watu wanazilalia na kuziamkia wakiziomba. Lakini Mama si mtu wa kuyatamka haya. Hakuyatamka siku niliyoolewa, wala siku niliyopanda ndege kuja huku na hatukujua tutaonana lini. Kwetu mtoto ndiye anayeomba radhi. Mzazi anayezitoa kabla hajaombwa, kwa kauli kamili namna ile, ni mzazi anayeaga.

Sijui kama nilimsaidia jana au nilimwacha. Najiuliza tangu saa saba mchana na bado najiuliza. Najua tu kwamba kama ningedanganya angekuwa hapa sebuleni saa hizi, na nisingekuwa na radhi zake.

Kesho ofisi ikifunguliwa, kabla sijapokea simu ya mtu yeyote, nakata tiketi yangu ya Unguja. Mungu anijaalie nimkute.