Farasi Niliyekwisha Kumla

Mjukuu wangu Baraka, mume wangu,

Huku Uyole tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, viazi vimekubali. Umeniuliza ucheze chesi na watu wangapi kwa mpigo huko kwenye simu.

Miaka ya sabini nilicheza na kaka yangu aliyekuwa Kilolo, kwa barua, hatua moja moja. Alicheza na wengi, kila mmoja kamwekea ubao wake wa boksi nyumbani kwake. Siku moja akaniandikia amesogeza farasi ambaye nilishamla zamani. Hatua ya mtu mwingine! Nikaona kanisahau, nikasusa kujibu.

Tulipokwenda kumzika, mbao za wengine alishazitupa. Wetu ulikuwa mezani, umepangwa vilevile, unaningoja.

Idadi sijui. Ila ukiletewa hatua isiyo yako, cheka, uirudishe.

Ni mimi bibi yako. Zamu bado ni yangu.