Kiti cha Bibi Nieleze

Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Mama, na kiti chako cha pale mezani hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Miaka thelathini uliandika programu za ghala kwenye ile mashine kubwa ya ofisini, yenye kioo cheusi na maandishi ya kijani. Ilipotangazwa kwamba itazimwa na kazi zote zihamie kwenye wavuti, wenzako walijiona wamekwisha. Wewe ulijifunza kwanza mwenyewe, kisha kila Jumamosi ukawakaribisha sebuleni kwetu, watu wazima na miwani yao, waanze upya. "Ghala mnalijua kuliko hao vijana," uliwaambia. "Kilichobadilika ni mlango tu."

Hukuwa mtu wa kugawa majibu. Aliyekwama ulimwambia, "Hebu nieleze, toka mwanzo," huku ukimenya chungwa. Kabla hujalimaliza, mwenyewe alikuwa ameshaliona kosa lake. Ndipo wakakubandika jina la Bibi Nieleze, nawe ukajifanya hulipendi.

Aliyekusumbua ni kaka yako, Mjomba wetu, wa meza ya pili kutoka yako kule ofisini. "Nifundishwe na mtoto niliyembeba mgongoni?" Hukubishana naye, ulisema maji hufuata mkondo. Miezi michache kabla ya mashine kuzimwa akaja, eti amepita tu kuona kama kuna chai.

Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa herufi kubwa tupu, na mtu akiruka kisanduku kimoja cha kujaza, ukurasa ulikataa kwenda mbele, kama ile mashine kubwa. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. "Kaka, watu wa wavuti hawapangi foleni." Ulipougua uliendelea kumsikiliza ukiwa kitandani. Wasiwasi uliotuachia ulikuwa mmoja: "Kaka yangu hajamaliza, na kazi yake itakwenda na ile mashine."

Amemaliza, Mama. Mashine imezimwa, ukurasa wake wa kupokea mizigo ndio unaotumika ghalani, na kazi bado anayo.

Jumamosi iliyopita alikwama hapa mezani. Sisi hakutuuliza. Alikigeukia kiti chako, akaeleza tatizo lote, taratibu, toka mwanzo. Kabla hajamaliza akasema, "Haya, mdogo wangu. Nimeona."

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe na wajukuu zako, kaka yako, na wanafunzi wako wote wa Jumamosi. Daima tutakukumbuka, na tutazidi kukueleza.