Rangi ya Kijani Juu ya Masizi ya Mama

Baba,

Sikuandikii kwa upole, nikwambie mapema. Tangu tukuzike nimekuwa nikimeza maneno mbele ya watu, na leo nayatema.

Baba Mdogo, huyo ndugu yako uliyekuwa ukimwachia kila kitu, ameipaka rangi reli yako ndogo ya mikebe. Yote. Stesheni ya Kindu, tangi la maji, wagoni zote, yaani mabehewa ya mizigo, ulizozikata kwa wembe kutoka mikebe ya sardini, ndogo kiasi cha kukaa juu ya kidole gumba. Ni rangi ya kijani iliyobaki alipopaka mlango wa choo chake. Na alitumia brashi ya ukuta. Misumari uliyoichora kwa ncha ya sindano, mmoja mmoja, huku ukizuia pumzi, imezama kama nzi kwenye mafuta. Kuna mkubwa fulani wa mjini ameiomba aiweke sebuleni, wageni wake waione, basi Baba Mdogo akaona aibu ya kutu. "Mbele ilikuwa chafu," aliniambia. "Sasa iko muzuri, sivyo?" Nilipomjibu, akasema, "Nyamaza, we mutoto mwanamuke. Unajua nini mu kazi ya reli?" Mimi, niliyekufungia ngazi za wagoni kwa waya mpaka macho yakatoa machozi.

Hajui, kwa sababu hukumwambia. Hapo ndipo hasira yangu inapogeukia kwako. Watu walikuja wakacheka, wakasema mzee anachezea vitreni, na wewe ukacheka nao. Hukuwaambia kwamba yale matundu uliyoyatoboa ubavuni mwa wagoni ni ya risasi. Hukuwaambia kwamba wagoni ya mwisho, ile ya reli ya kando, ni mfano wa ile tuliyolala ndani yake wakati wa vita, treni ziliposimama na nyumba yetu ikachomwa. Mama alipika mlangoni mwake, akiogopa kuonekana nje, na moshi ukachora bati juu ya mlango. Humo ndimo homa ilimomkuta, barabara zimefungwa, dawa hakuna, mimi na wewe tukimpepea kwa kipande cha karatoni.

Miaka mingi baadaye ulichukua masizi ya sufuria, ukayachanganya na tone la mawese, ukayagusisha kwenye wagoni ile kwa unyoya wa kuku. "Hapana, moshi yake ilikuwa inapinda," ulisema, ukafuta, ukaanza tena. Ni kweli, Baba. Ulikuwa unapinda.

Nimejaribu kuitoa rangi. Nilichukua pamba na petroli, nikasugua polepole kama ulivyonifundisha. Kijani kilitoka, na masizi yakatoka nacho. Limebaki bati tupu linalong'aa. Nililia kwa hasira hadi jirani akaja kuuliza nani tena amekufa.

Jirani alipoondoka niliitazama reli nzima, nikaona jambo ambalo sikuwahi kukuuliza. Haina mtu hata mmoja. Hakuna mpakuzi wa mizigo, hakuna mwanamke na kapu lake, hakuna hata askari. Nilikuwa nikidhani vidole vyako haviwezi. Uongo. Vidole vilivyotengeneza bawaba za mlango mdogo kama ule vingeshindwa na mtu? Ulitengeneza moshi wa mama, ukakataa kumtengeneza mama. Ulinifanya nimtafute kwenye doa. Nilikuwa mdogo alipokufa, uso wake umenipotea, na wewe uliyekuwa nao kichwani umekwenda nao kaburini. Hilo sijakusamehe. Najua uliumia. Mimi pia niliumia.

Reli yote nimeifungia chumbani kwangu, na ufunguo ninao mimi. Baba Mdogo amelalamika kwa ukoo mzima, na alalamike. Mkubwa wake atafute pambo lingine.

Nakuahidi matundu ya risasi yaliyozibwa na rangi nitayatoboa upya, na masizi nitayapaka upya, yakipinda. Kisha nitamweka mama mlangoni, amechuchumaa, mwiko mkononi. Ukichukia, chukia. Uso nitakaompa utakuwa wangu, maana sina mwingine, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema tunafanana.

Lala salama, Baba, ingawa hasira yangu haijaisha.

Binti yako,
Zaina