Nisikilize Alhamisi

Jumanne, 3 Machi

Pumzi fupi tangu asubuhi. Mashine ya hewa inakoroma kando ya kitanda kama mgeni aliyekataa kuaga. Muuguzi kanibadilishia mto, kaniambia leo nina sura nzuri. Muongo! Nimetetea waongo maisha yangu yote, nawajua kwa macho.

Saa nne alikuja mwanamke. Binti yangu alikuwa ofisini (ofisi bado ina jina langu mlangoni), kwa hiyo muuguzi akamwingiza. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua. Nikamuuliza tumeonana wapi.

"Kwenye korido ya mahakama, Mzee. Ulikuwa unasubiri lifti."

Sikumkumbuka. Mumewe ni fundi simu. Alikutwa kibandani na simu ya mtu aliyeporwa na kuvunjwa mkono. Hukumu imeshatoka. Unyang'anyi wa kutumia nguvu. Miaka thelathini.

Nikasema pole. Niliisema kwa ile sauti yangu ya redioni, nzito, ya kupanguza watu machozi.

"Alifanya yote uliyosema," akasema. "Alinyamaza vizuri kabisa, Mzee. Hakimu alimuuliza mara mbili, hakufungua mdomo. Sasa tufanye nini?"

Hakuja kulaumu. Amekuja kuuliza hatua inayofuata!

Jumatano, 4 Machi

Nimekumbuka. Heri nisingekumbuka.

Nilikuwa nimekwenda mahakamani kusalimia tu, kama mzee anayerudi kuangalia shamba aliloliuza. Mkono ulikuwa umechoka kwa salamu. "Mzee wa Alhamisi! Kipindi cha juzi, moto!" Kila mtu, hadi makarani. Ndipo yule mama akanikabili mbele ya lifti. Mumewe hana wakili. Wiki inayofuata ataulizwa kama atajitetea au atanyamaza. Achague lipi?

Lilikuwa swali la dakika mbili. Lifti ikafunguka. Nikampigapiga begani.

"Nisikilize Alhamisi."

Nikaingia. Ndani ya lifti nilifurahi — nimepata mada! Ndivyo nilivyofanya kazi tangu niache kusimama kortini na kuanza kipindi cha sheria redioni kila Alhamisi. Watu wananipa shida zao kwenye korido, nazipika, nawapakulia wote hewani. Niliita hiyo elimu kwa umma.

Swali la kwanza la wakili yeyote, hata yule aliyepata leseni jana: umeshtakiwa kwa kosa gani? Sikumuuliza.

Alhamisi ile nikasema mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya, mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka, asibebe mzigo usio wake. Kweli tupu. Lakini kuna kipande kinachobaki: ukikutwa na mali iliyoibwa juzijuzi, ni lazima ueleze umeipataje. Ukinyamaza, kimya chako ndicho kinachokufunga. Kipande hicho nilikuwa nacho kwenye karatasi. Mtangazaji akanionyesha kidole: sentensi moja tu, tunafunga. Nilikuwa na sentensi mbili mkononi. Nikachagua ile tamu.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Mtangazaji akacheka. Nami nikacheka.

Mama yule kanieleza jana lililobaki. Redio ya askari wa mahabusu ilikuwa imekufa. Mumewe aliifufua mwenyewe, na askari, kwa shukrani, wakamwacha akae karibu yake siku ile ya Alhamisi. Mwanamke anayeuza matunda jirani na kibanda alimwona kijana aliyeileta ile simu itengenezwe. Siku ya utetezi alikuja, akakaa kwenye benchi nje ya mahakama tangu asubuhi. Hakuitwa na mtu. Fundi alikuwa ananyamaza.

Alhamisi, 5 Machi

Nilikusudia kusahihisha leo. Siku hizi natangaza kwa simu, kitandani. Mtangazaji alitaka nizungumzie majaji wapya. Nikamwambia nina jambo langu.

"Sawa, Mzee wetu, ila lisiwe zito, watu wanapika saa hizi."

Nikaanza: kuna jambo nililisema nusu. Hapo kikohozi kikanishika — kikohozi! — miaka yote hii sauti haijawahi kunitupa. Nilisikia mwenyewe ninavyokoroma hewani. Kisha nikasikia muziki. Mtangazaji kaniokoa, ati.

Baadaye akapiga simu, analia. Kituo kimeamua nipumzike, watarudia vipindi vya zamani kwa heshima yangu. Nikamwambia kile cha kimya kisirudiwe. "Lakini ndicho wanachokipenda kuliko vyote, Mzee!"

Ijumaa, 6 Machi

Mama fundi karudi. Amepata wakili wa msaada wa sheria, kijana mzuri tu. Rufaa imeshapelekwa. Lakini majaji wa rufaa watauliza: huyo muuza matunda mlikuwa mmemficha wapi siku zote? Kwa nini mshtakiwa hakusema? Jibu liko kwangu. Kijana anataka hati ya kiapo: kwamba niliulizwa, kwamba nilijibu "nisikilize Alhamisi," kwamba nilichosema kilikuwa nusu.

Nimekubali. Moyo umepumua kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 8 Machi

Nimemwambia binti yangu. Alikuwa ananikata kucha. Hakuacha kukata.

Akasema kiapo changu hakitamtoa mtu. Majaji watasema redio si wakili, na mjinga ni yule aliyeifuata. Huenda anasema kweli, anaijua sheria ya leo kuliko mimi.

"Na chama cha mawakili, Baba? Unampa ushauri mtu mwenye kesi inayoendelea, kupitia redio, bila kusoma hata hati ya mashtaka? Wateja wangu watasema nini? Jina lako ndilo linalolipa karo za wajukuu zako."

"Jina litazikwa nami."

"Halizikwi! Wewe utazikwa. Mimi nitabaki nalo mlangoni."

Kucha moja, nyingine. Kisha, polepole: "Ni mtu mmoja, Baba."

"Wote huwa mmoja mmoja, mama."

Akaweka mkasi. Alikuwa na machozi. Mimi ndiye niliyemfundisha kusimama kortini; nilimwambia usimwache mteja wako aongee zaidi ya anavyoulizwa. Sasa mteja wake ni mimi.

Jumatatu, 9 Machi

Simu yangu haipo mezani. "Daktari kasema upumzike," kasema binti yangu. Daktari hajafika tangu wiki iliyopita.

Nimeomba. Nimeomba tena. Kanibusu paji la uso.

Jumanne, 10 Machi

Muuguzi, masikini, kajifanya anakunja shuka huku ananong'ona. Mama fundi alimpigia kwenye simu yake. Kamishna wa viapo amekubali kuja nyumbani Alhamisi jioni. Hati imeshaandikwa, ni sahihi yangu tu inayongojwa. Kesi itatajwa wiki ijayo, na wakili kijana anasema bila hati hiyo hana cha kushika.

Nikamwambia muuguzi anishikie peni tujaribu sahihi. Mkono unatambaa kama kuku kwenye matope. Ila inasomeka.

Nimejiuliza ni wangapi wengine. Alhamisi zote zile! Mpangaji aliyeacha kulipa kodi kwa sababu nilisema mkataba wa mdomo una nguvu. Mama aliyekataa kusaini hati ambayo ingemfaa. Sitawajua. Hawatakuja kukaa kwenye ncha ya kiti. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi — mimi nilijikwaa ulimi, vidole vya watu vikavunjika.

Jumatano, 11 Machi

Vibaya sana leo. Midomo ya buluu, kasema muuguzi, kisha akajuta kusema. Kesho tu. Nipewe kesho tu.

Alhamisi, 12 Machi

Jioni. Muuguzi ameambiwa aende nyumbani mapema. Nikajua binti yangu amepata habari.

Wamefika. Nasikia jozi mbili za viatu sebuleni, vya kike na vya mwanamume. Mlango wangu umefungwa. Ukuta huu ni mwembamba, kila neno linapita.

Binti yangu anawakaribisha viti. Sauti yake nzuri, ya kortini. "Baba amelala."

Sijalala!

Kamishna anasema wanaweza kungoja. Binti yangu anasema siku hizi Baba anachanganya mambo, hajui leo ni siku gani, kiapo cha mtu wa namna hiyo hakina uzito, kamishna mwenyewe anajua. Alhamisi. Leo ni Alhamisi, mwanangu, naandika hapa kwa mkono wangu.

Nimejaribu kuita. Imetoka hewa, haikutoka sauti. Mguu mmoja nimeushusha chini, mpira wa hewa ukanivuta pua. Nimerudi. Nagonga ukuta kwa kitako cha kikombe. Ko, ko. Mkono hauna nguvu, ni kama panya.

Mama fundi: "Kuna kitu kinagonga."

Binti yangu: "Ni mashine yake."

Nagonga tena. Kisha kitufe — binti yangu amewasha redio. Sauti juu. Wimbo wa kipindi chetu. Mtangazaji anasema ninaumwa, tuniombee, na kwa maombi ya wasikilizaji wengi wanarudia kile kipendwacho.

Ndiyo, ni mimi. Sauti ile nzito. Inajaza sebule, inapita ukutani, inanikuta hapa nilipo. Mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya, nasema. Asibebe mzigo usio wake.

Nagonga. Hata mimi mwenyewe siisikii ko yangu.

Kamishna anasema basi, waende. Viatu vyake vinaelekea mlangoni. Vya mama fundi bado. Hajasimama. Anasikiliza hadi mwisho, kama nilivyomwambia