Rangi ya Kucha kwenye Bolti ya Landrova

KUMBUKUMBU
Mzee Kaanaeli Akyoo, fundi magari wa Levolosi, mzaliwa wa Kikwe
Uliondoka 14 Juni 2024

Ni mwaka mmoja sasa tangu Landrova yako ikose mtu wa kuigombeza, Baba. Shikamoo.

Habari ni nyingi mpaka sijui nianzie wapi. Mimi Esther, kitinda mimba wako, nimemaliza chuo! Mbuzi wa Mama amezaa mapacha. Na kaka Stanley, mwalimu wako wa hesabu, yule aliyekuwa akishika spana kama ameshika mkia wa nyoka, amelala chini ya gari lako wiki tatu. Wiki tatu, Baba! Hapa nyumbani wameniambia niandike kwa kifupi. Nitajaribu.

Tunakumbuka gari lile lilivyokuwa la kila mtu. Mama wa watu akishikwa na uchungu, hawakuuliza pa kupiga simu, waligonga dirisha lako. Marehemu wa kijiji hiki umewarudisha nyumbani wewe, na ukipewa hata ya mafuta unarudisha. "Leo kwake, kesho kwangu," ulikuwa unasema, huku unawasha gari.

Kesho yako ilipofika, Landrova ilikuwa juu ya mawe, springi ya mbele imekatika. Ukaletwa nyumbani na gari la kukodi.

Hilo ndilo lililokuwa linamla Stanley. Jumamosi ile kabla hujaugua ulimpigia simu: "Njoo unishikie spana, hii bolti inataka watu wawili." Akakujibu ana mitihani ya kusahihisha. Hakuja. Siku ya mazishi sisi tunalia, yeye anayatazama yale mawe. Na boksi la spana, zile ulizoachiwa na Babu, ukasema apewe nani? Yeye. Alilisukuma chini ya kitanda, asilione.

Mwezi wa tano Mama akachoka. Unamjua mkeo. Alisema mezani, chai bado ya moto: "Mwaka wa baba yenu ukifika hilo gari halijasimama kwa matairi yake, wa vyuma chakavu aje alibebe. Hapo najenga banda la kuku."

Baba mdogo Richard akacheka. "Shemeji, mwite leo tu. Nani wa kulisimamisha? Mwalimu?"

Stanley aliinuka. Aliingia chumbani, tukasikia boksi linaburuzwa.

Baba, ungemwona! Springi mpya alipata, shida ikawa kuitoa ya zamani. Bolti inayoishika chini ya chasisi imeshikana na kutu kama waliozaliwa pamoja. Nati aliifungua, tukashangilia. Halafu akaanza kuipiga bolti nyundo itoke. Akapiga leo, akapiga kesho, haikusogea hata unywele. Akaibembeleza. Akaitukana, yeye mzee wa kanisa mtarajiwa! Mama akapita na ndoo: "Stanley, hiyo bolti ni mwanafunzi wako? Mbona unaisemesha hivyo?"

Lakini ni Mama huyo huyo aliyemkumbusha desturi yako. Jumapili, kabla ya ibada, unazimwagia bolti kaidi mafuta, na ukirudi unazijaribu. Zikilegea unasema zimesikia mahubiri. Basi Stanley akawa anamwaga mafuta kila Jumapili, anakwenda kanisani, anarudi mbio na suti yake. Bolti haikuokoka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba mdogo akaja na grenda. "Kata tu, mwanangu. Umejitahidi." Akikata, baba mdogo mwenyewe alikiri, kile kibao cha chuma kinachoning'iniza springi kinakwenda nacho, na cha gari la umri ule atakipata wapi? Ndiyo kusema, Landrova inakwenda kwenye vyuma chakavu. Stanley akaishika ile grenda. Jasho lilikuwa linamchuruzika na baridi yote hii ya Meru. Akaniambia, "Esta, futa tope kwenye kichwa cha bolti, nione pa kukata."

Nikaingia chini na kanga kuukuu. Nafuta. Tope linatoka, grisi inatoka, halafu kikatokea kitu cha pinki.

Baba, nilipiga kelele! Baba mdogo akadhani nyoka, akaruka mpaka kwenye migomba.

"Rangi yangu! Rangi yangu ya kucha!"

Unakumbuka? Nilikuwa kidato cha pili. Uliichukua bila kuuliza, chupa nzima, mimi nikalia kutwa, na wewe ukasema tu, "Imekwenda kazini." Sikuwahi kujua kazi gani. Kumbe ilikuwa huku chini, miaka yote hii!

Stanley akaacha grenda, akamwaga boksi lote chini. Spana moja ndefu ina doa la pinki kwenye mpini. Sote tulikuwa tumeliona, tukajua ni uchafu tu. Akakaa chini akiiangalia, na unajua anavyokuwa akipata jibu la hesabu, midomo inacheza.

"Amepaka kichwani," akasema. "Kwenye nati hakupaka. Basi hapa ndipo inapozungushwa. Hii bolti ina nyuzi za kuzungushia ndani ya kile kibao pia, kama kwenye nati. Tunapiga nyundo kitu kinachotaka kufunguliwa!"

Akaivika spana kichwani mwa bolti. Mimi nikashika kile kibao kwa spana ya pili kisicheze. Watu wawili, Baba, kama ulivyomwambia. Akavuta. Kimya. Akavuta tena, mshipa wa shingo umemtoka, na chuma kikalia kwiiii, kikageuka.

Stanley alibaki amelala pale chini, hatoki. Mama akainama: "Umeumia?"

"Kutu imeniingia machoni."

"Kutu gani hiyo ya macho yote mawili," Mama akasema, lakini taratibu. Akaketi juu ya jiwe, akamshika mguu uliokuwa nje, mpaka aliponyamaza.

Bolti nyingine zilitoka kwa njia hiyo hiyo. Baba mdogo alizifungua mbili mwenyewe, na sasa anasimulia Levolosi nzima kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Landrova imesimama kwa matairi yake, Baba. Wiki iliyopita alfajiri jirani yetu Nkasiogi alishikwa na uchungu, na mumewe akaja kugonga dirisha lile lile, kwa mazoea tu, halafu akakumbuka akaanza kuomba radhi. Mama hakumwacha amalize. "Stanley! Toka, watu wanasubiri!" Walifika salama. Mtoto ni wa kike, ana kelele kunishinda. Banda la kuku litajengwa nyuma ya jiko.

Na kabla ya kufunga bolti mpya, Stanley alikuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni kama mkwe. "Esta, una ile rangi?" Nikampa nyekundu, pinki imekwisha. Alizipaka zote vichwani mwenyewe, moja moja, na spana yako akaiongezea doa, atakayekuja kulala pale chini siku moja asipate tabu tuliyoipata. Akajipaka mpaka vidole vitatu. Nilimwambia nina dawa ya kuitoa. Akasema iache.

Jumatatu ameingia nayo darasani.

Wanaokukumbuka: mkeo Eunike, wanao Stanley na Esther, mdogo wako Richard, majirani wote wa Kikwe na mafundi wenzako wa Levolosi. Ibada ya shukrani ni nyumbani leo saa nne. Tumeshapanga nani atakaa mbele kwenye Landrova baadaye: Mama.

Pumzika, Baba. Ulimwita aje akushikie spana, na sasa ameishika. Daima tutakukumbuka.