Uzito ya Mama ndani ya Bwato

Mujukuu wangu Ilunga,

Hapa Makomeno tuko muzuri, shangazi yako amepona. Umeuliza suporti, kile chuma chenye kushika moteri, inafungwa urefu gani ku mbao ya nyuma ya bwato.

Wakati mama yangu alikufa, tulipaswa kumuvusha muto Lufira, azikwe kwabo. Baba alikataa kupima fasi ya moteri na bwato tupu, sababu ikibeba inashuka ndani ya maji. Akatuambia tuingie wote, tukae. Pa fasi ya sanduku ya maiti akaweka mawe, kwani mama alikuwaka muntu munene. Kisha akatosha inje jiwe moja, na ingine, pole pole, sababu ya ule ugonjwa uliomukondesha.

"Sasa ni yeye," akasema, ndio akachora alama ku mbao ya nyuma, pale maji ilifika.

Basi, ingiza kwanza bantu bale utabeba, kisha upime.

Kambo wako