Mguu Mmoja wa Kushoto kwa Fundi Ngai

Ijumaa, 3 Novemba 2023

Leo Baba Kit ameniuza! Mchana kweupe, kwenye simu, nimesimama hapo hapo na sufuria mkononi. Anamwambia mtoto wetu: haya, tutahamia huko Toronto, mimi na mama yako, mwaka mpya ukipita. Hakuniuliza hata kwa jicho. Kit huko anashangilia, mkewe anashangilia, mjukuu analia kwa kelele zao.

Simu ilipokatika nikamwambia, nenda wewe, mimi nabaki hapa hapa mtaani kwetu, To Kwa Wan. Akasema sawa. Sawa! Miaka thelathini na mbili ya ndoa, jibu ni sawa.

Kit atapiga tena Jumapili ya tarehe kumi na tisa, saa tatu asubuhi kwetu. Anataka jibu la mwisho ndipo ajaze fomu za uhamiaji.

Jumatatu, 6 Novemba

Siku ya tatu hatusemezani. Nimegoma kupika. Nyumba yenyewe vyumba viwili, hata kununiana kunataka ratiba — yeye bafuni, mimi jikoni, halafu tunabadilishana.

Mchana nikaenda kula kwa Fundi Ngai, mchoma nyama wa mtaa wetu. Meza sita, viti visivyo na mgongo, bata bukini wamening'inia nyuma ya kioo wakidondosha mafuta. Ah, ile harufu! Unaweza kuwa na hasira na dunia nzima, ukifika pale mlangoni mate yanakujaa tu. Nikaketishwa meza moja na dereva wa lori nisiyemjua, magoti yanagusana. Kama kawaida: viwiko ndani, macho kwenye sahani yako, hakuna salamu. Nilishukuru. Angalau huyu hanisemeshi kwa adabu, si kwa kununa!

Fundi Ngai, panga mkononi: "Leo peke yako, Mama Kit?"

"Mzee ana kazi."

"Kazi gani? Si amestaafu juzi tu!"

Nikamwambia akate nyama. Akakata, akicheka. Nguruwe wa asali, nusu mnofu nusu mafuta, kingo zimeungua kidogo. Mchuzi akaumwaga hadi wali ukaogelea.

Alhamisi, 9 Novemba

Kwa Fundi Ngai tena. Zile kingo zilizoungua nilizila zote mwenyewe. Siku zote Baba Kit hunichagulia zilizo nyeusi zaidi, ananiwekea bakulini bila kusema kitu, anaendelea kusoma gazeti.

Nampenda yule mzee mjinga. Hilo ndilo tatizo.

Jumanne, 14 Novemba

Kumbe! Fundi Ngai ameniambia mwenyewe: mzee wako yuko hapa kila siku saa tano, kabla yako. Anaagiza mguu wa bata, wa kushoto, halafu anabandua ngozi anaiweka pembeni ya sahani, anabaki anaitazama. Daktari alimkataza ngozi. Mlaji wa ngozi ni mimi.

"Mmegombana?" akauliza.

"Nani kasema?"

"Ngozi imesema."

Nilimwambia ashughulike na panga lake.

Alhamisi, 16 Novemba

Amefua mashuka, ameyaanika vibaya. Nimeyaanika upya.

Jumamosi, 18 Novemba

Niandike yote kabla sijasahau.

Mvua. Nilichelewa kutoka, naye kumbe kachelewa pia. Kwa Fundi Ngai kumejaa, watu wanasubiri nje na miavuli. Shangazi Mui, mhudumu wetu wa miaka yote, yuko nyumbani anauguza goti. Badala yake kuna Dada Sau, mtu mzima, kaja wiki hii kutoka mji wa Foshan, hamjui yeyote. Ananishika mkono, ananivuta hadi meza ya tatu. Nani amekaa pale? Baba Kit!

"Mzee, hutajali huyu bibi akikaa hapa?"

Bibi! Miaka hamsini na minane!

Baba Kit akatazama ukuta. "Aketi tu."

Nikaketi. Viwiko ndani, macho mezani, kama adabu inavyotaka. Mimi simjui, yeye hanijui. Nikaagiza: wali na mguu wa bata, wa kushoto. Bata akipumzika husimamia mguu wa kulia, wa kushoto unabaki laini — ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto, na sijawahi kumwona bata aliyepumzika.

Ikaja chai. Baba Kit akasuuza kikombe chake na vijiti vyake kwa ile chai ya moto, kama ilivyo desturi. Kisha akavuta kikombe changu na vijiti vyangu, akasuuza, akanirudishia. Mkono ulienda wenyewe! Dada Sau akatoa macho. Mgeni anamwoshea mgeni vyombo? Baba Kit masikio yakawa mekundu. Mimi nikameza kicheko pamoja na chai, ikaniunguza ulimi.

Ndipo Fundi Ngai akapaza sauti: "Meza ya tatu! Nyote mmetaka mguu wa kushoto, na nimebakiwa na mmoja. Nimpe nani?"

"Mpe yeye."

Tulisema pamoja. Pamoja! Duka zima likageuka. Siku kumi na tano za kununa, na neno la kwanza ndilo hilo.

"Lo, watu wa hapa wastaarabu," Dada Sau akasema. Fundi Ngai uso mkavu kabisa, mshenzi yule, akauleta mguu mwenyewe akauweka katikati. Hakuna aliyeugusa. Mafuta yakaanza kuganda.

Baba Kit akaiambia sahani: "Nilidhani unataka kwenda. Kila ukimwona mtoto kwenye simu unalia."

"Nalia kwa sababu namkumbuka. Nani kakwambia nataka kuhama?"

"Sikuuliza."

"Hukuuliza."

"Sasa nakuuliza."

Nilikuwa na hotuba ya wiki mbili, imeyeyuka. Nikamuuliza, na wewe je? Akasema hajui Kiingereza cha kuagizia bata. Halafu akasema mjukuu ameanza kutembea. Vyote viwili kwa sauti ile ile.

Tulikula. Ngozi nilikula mimi.

Jumapili, 19 Novemba

Saa tatu na dakika mbili. Simu ya video iko mezani sebuleni, Kit ndani yake, kalamu mkononi. Mjukuu amevaa zile soksi nilizomfumia, anatembea kama mlevi, anaanguka, anacheka. Moyo wangu! Kit akauliza, haya, mmeamua?

Baba Kit akanisogezea kiti karibu yake. Nikasema ngoja nilete miwani. Miwani iko kichwani. Nimesimama hapa chumbani, mlango wazi, naandika juu ya droo, na Mungu anajua bado sijui nitasema nini.

Namsikia Kit: basi wewe baba unasemaje, si ulishakubali?

Halafu Baba Kit, polepole: "Subiri. Mama yako hajasema."